At Fillmore East: rekodi ya jukwaani ninayoipendekeza kwa kila shabiki wa roki

Mashabiki wa roki wakianza kubishana kuhusu rekodi bora ya jukwaani, jibu langu ni At Fillmore East ya The Allman Brothers Band, bendi ya roki ya Marekani. Ilirekodiwa katika ukumbi wa Fillmore East, New York, usiku wa tarehe 12 na 13 Machi 1971, na bado sijasikia bendi nyingine ya roki ambayo wanamuziki wake wanasikilizana namna hii.

Kusikilizana huko ndiko kulikoniteka. Duane Allman na Dickey Betts wote wawili wanapiga gitaa la solo. Mmoja akimaliza, mwenzake anadaka palepale, na mara nyingine wanapanda pamoja kwa sauti mbili zinazooana. Nyuma yao kuna wapiga ngoma wawili: Butch Trucks anashikilia mwendo, Jai Johanny Johanson anaupamba kwa mapigo yenye ladha ya jazi. Tumia hedifoni, kwa sababu magitaa yametenganishwa, moja kila upande, na utajua nani anamjibu nani.

Na Duane! Alivaa kichupa cha dawa cha kioo kidoleni na kukitelezesha juu ya nyuzi, gitaa likalia kwa sauti ya binadamu. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Kila nikiisikiliza naumia kwamba hatukupata zaidi.

Albamu ina santuri mbili, nyimbo saba tu. "Whipping Post" inajaza upande mzima, kama dakika 23 hivi. Urefu huo unawatisha wengi. Ushauri wangu ni kwamba usikae ukingoja kiitikio kirudi. Shika kwa sikio gitaa la besi la Berry Oakley tangu linapofungua wimbo kwa mafungu ya mapigo 11, kisha lifuate popote linapokwenda. Katikati mwendo unayeyuka kabisa, Betts anabaki akitafuta njia taratibu, na wenzake wanamngoja bila haraka. Hapo ndipo penye utamu wote.

Mtayarishaji, Tom Dowd, naye anastahili sifa. Usiku wa kwanza wapiga vyombo vya kupuliza walipanda jukwaani na bendi, naye akasisitiza waondolewe. Alikuwa sahihi kabisa, maana magitaa yale yanahitaji nafasi.

Kama gitaa la umeme linakuchosha, nenda kwa bendi ya Pentangle ya Uingereza. Albamu yao Sweet Child ya 1968 ina santuri mbili, moja ikiwa ya onyesho la Royal Festival Hall, London. Bert Jansch na John Renbourn wanapiga magitaa makavu, yasiyo ya umeme, Danny Thompson anapiga besi kubwa ya kusimama, na sauti ya Jacqui McShee inapita juu yao safi kabisa. Nyimbo za kiasili zinakutana na jazi, na usikivu ni uleule.

Kuhusu toleo la kununua: mwaka 2014 lilitoka sanduku la CD 6 lenye maonyesho ya Fillmore ya mwaka 1971. Mimi nalifurahia kwa kulinganisha wimbo mmoja ulivyobadilika kati ya onyesho na onyesho, ila kwa mgeni marudio yatakuwa mengi mno. Anza na zile nyimbo saba.