Ziara ya Mesilla, New Mexico: Muda Mwingi kwa Jambazi, Mchache kwa Wenyeji

Mtu anayetaka kuona mahali ambapo ardhi ambayo Marekani iliinunua kutoka kwa jirani yake Mexico ilikabidhiwa kwa mmiliki mpya atafaidika na ziara ya kutembea kwa miguu katika uwanja wa Mesilla, mji mdogo ulio jirani na Las Cruces katika jimbo la Marekani la New Mexico, ambako bendera ya Marekani ilipandishwa Novemba 1854. Ziara niliyolipia naipendekeza, ila ina kasoro moja ambayo si ndogo.

Mwongozaji wetu alikuwa hodari wa kueleza biashara yenyewe. Akiwa amesimama kando ya kibanda cha wanamuziki kilichochorwa bendera za nchi zote mbili, alisimulia jinsi James Gadsden, mjumbe wa Marekani, alivyotumwa Mexico kutafuta ukanda tambarare wa kupitisha reli ya kusini hadi Pasifiki, akamkuta Santa Anna, mtawala wa Mexico, ana hazina tupu na jeshi la kulisha. Jinsi mkataba ulivyotiwa saini tarehe 30 Desemba 1853. Na jinsi Seneti ya Marekani ilivyoshusha bei kutoka dola milioni 15 hadi milioni 10, huku ikipunguza pia eneo lililouzwa. Hata hivyo mnunuzi alijipatia takriban kilomita za mraba 77,000. Muuzaji aliangushwa mwaka 1855, na mauzo hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomchongea.

Baada ya hapo tulipelekwa kwenye duka la kumbukumbu lililo katika jengo ambalo zamani lilikuwa mahakama, ambamo Billy the Kid alihukumiwa kunyongwa mwaka 1881, na hapo ndipo muda wetu ulipoishia. Sikatai kwamba jambazi huyo huvuta wageni, na fulana zenye sura yake bila shaka zinauzika. Lakini waanzilishi wa Mesilla walitajwa kwa sentensi moja tu, ilhali wao ndio kiini cha habari: vita vya Marekani na Mexico vilipokwisha mwaka 1848, familia zilizotaka kubaki raia wa Mexico zilihamia ng'ambo ya magharibi ya mto Rio Grande zikajenga mji huu, na miaka michache baadaye zikajikuta zimeuzwa pamoja na ardhi, bila kuulizwa. Nilipouliza kuhusu Waapache na Watohono O'odham, watu wa asili wa eneo hilo, ambao nao hawakushirikishwa na ambao hao wa pili nchi yao ilikatwa na mpaka mpya, nilijibiwa kwa adabu kwamba muda umekwisha.

Vilevile haikuelezwa kwamba reli, ambayo ndiyo iliyosababisha ununuzi wote, ilipofika katika bonde la Rio Grande mwaka 1881 ilipita Las Cruces na kuiacha Mesilla kando. Pengine ndiyo sababu uwanja umebaki na kuta zake nene za matofali ya udongo, na utulivu unaomwezesha mgeni kusikia kengele ya kanisa la San Albino bila kelele za magari.

Nenda asubuhi, kwa maana jua la kiangazi halina huruma na vivuli ni vichache. Mkahawani utaulizwa kama unataka pilipili nyekundu au ya kijani. Ukijibu "Krismasi" utaletewa zote mbili. Maswali yako kuhusu wenyeji yaulize mwanzoni, kabla hamjafika dukani.