Kipangusio cha vioo kinachofunguka kila kipande: miezi 14 kwenye chumvi ya Mombasa

Vipangusio vingi vya bei rahisi vinavyouzwa hapa mjini vimeungwa kwa gundi. Mpira umeshikwa ndani ya plastiki, sponji imebandikwa upande wa pili, mpini umechomekwa ukashikana moja kwa moja. Mpira ukipata mkato wa milimita moja tu, kifaa kizima ni cha kutupa. Hiki ninachokieleza kimetengenezwa na fundi wa jua kali hapa hapa Mombasa kwa sharti moja: kila kinachochakaa kitoke kwa mkono, na mbadala wake upatikane bila kununua kifaa kipya. Nimekitumia miezi 14 kwenye madirisha ya aluminiamu ya kuteleza na kwenye luva, nyumba za Nyali zinazotazama bahari na nyingine za Bamburi zinazopata vumbi la saruji. Kinafaa, lakini nasema toleo la pili, si la kwanza.

Vipande vyake ni vichache. Kuna mpini wa mwarobaini wa kipenyo cha milimita 30, taya mbili za stenlesi za unene wa milimita 2, bolti moja ya M5 (kipenyo cha milimita 5) yenye nati ya masikio, reli ya shaba ya manjano ya sentimita 35, mpira, na vibanio viwili vidogo vinavyoushika mpira kwenye ncha za reli. Reli na mpira ni vya saizi ile wanayotumia wasafishaji wa kazi, wanaoita kifaa hiki skwiji. Hilo fundi alilifanya kwa makusudi, na ndilo lililonifanya nikiamini. Angechonga reli ya kipimo chake mwenyewe, ningekuwa mateka wake kila mpira unapoisha.

Wazo lenyewe si geni. Vipangusio vya zamani kule Marekani vilikuwa vya chuma kizito, mipira miwili, na ulihitaji kulegeza skrubu 12 ili kuibadilisha. Ettore Steccone, Mtaliano aliyehamia California, alipata hataza yake mwaka 1936 kwa kifaa chepesi cha shaba ya manjano chenye mpira mmoja. Ukikitazama cha leo, karibu kila kitu bado ni kilekile. Kilichobaki kutatuliwa kwetu ni chumvi.

Nianze na mpira, maana ndio unaofanya kazi. Vingine vyote vinaubeba tu. Chukua mpira asilia, na ukipewa chaguo la laini au mgumu, kwa joto letu chukua mgumu. Ule laini ni wa nchi za baridi, huku hulegea na kulala chali kwenye kioo. Ncha ya mpira ina kona mbili kali, na kila mara unapopangusa unatumia moja tu. Kona hiyo ikipoteza makali, chomoa mpira, ugeuze, urudishe, nawe una makali mapya bila kutoa hata shilingi. Kwenye madirisha ya upande wa bahari kona moja inanipa wiki tano hadi sita. Ndani ya mtaa, mbali na mchanga, inakwenda karibu mara mbili ya hapo.

Kuubadilisha ni kazi ya dakika mbili. Legeza nati, toa reli kwenye taya. Ondoa kibanio cha upande mmoja, vuta mpira wa zamani utoke. Lowanisha mpya kwa maji ya sabuni na uusukume taratibu ndani ya reli hadi utokeze milimita 3 kila upande. Hizo milimita 3 si mapambo: bila hizo chuma cha reli kitagusa fremu kabla ya mpira, na utaacha mstari wa maji pembeni kwenye kila dirisha. Usiuvute mpira ili ufike. Mpira uliovutwa hurudi ndani baada ya siku mbili na kuacha ncha ya reli wazi, tayari kukwaruza kioo. Kata kwa wembe mpya uliolowanishwa, juu ya ubao, kwa mpigo mmoja. Mkasi hubana mpira kabla ya kuukata, na kona hutoka imepinda.

Mpira wa urefu wa sentimita 105 unakata hivi: vipande viwili vya sentimita 35.6 kwa reli kubwa, viwili vya 15.6 kwa reli ndogo ya luva, na kinachobaki hakifiki sentimita 3. Ni hesabu nzuri kwa anayenunua mara moja kwa miezi kadhaa. Uhifadhi ukiwa umenyooka, gizani, ndani ya bomba la plastiki. Mpira uliokunjwa na raba bendi hukumbuka mkunjo wake, na kioo kitakuonyesha.

Watu hujaribu mbadala, nami nimejaribu zote tatu za kawaida. Mpira wa waipa ya gari una mdomo mwembamba unaojikunja kwenye kioo kipana, tena haukai ndani ya reli. Tyubu ya baiskeli haikatiki kwa kona kali, na unene wake haulingani, hivyo inaacha mawimbi. Ule mpira mweusi wa mafundi wa madirisha ya aluminiamu ni mgumu na ncha yake ni ya mviringo; umeundwa kuziba, kupangusa si kazi yake.

Sasa chumvi. Toleo la kwanza lilikuwa na taya za aluminiamu na bolti ya stenlesi. Kwenye karatasi linavutia, ni jepesi na halishiki kutu. Lakini metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hugeuka kama betri ndogo, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Hapa dhaifu ni aluminiamu. Mwezi wa tano unga mweupe ulijaa kwenye tundu la bolti na nati ikagoma kabisa. Kuilazimisha kwa koleo kulikata bolti. Fundi alitoboa kwa keekee ya milimita 4.2 na kukata hesi upya za M5, lakini aluminiamu iliyokwisha kuliwa haishiki hesi vizuri. Kosa halikuwa la ufundi wake, lilikuwa la mchoro.

Toleo la pili lina taya za stenlesi za daraja la 316, na washa ya nailoni kila mahali ambapo stenlesi inakutana na reli ya shaba. Hiyo 316 ina molibdeni ndani yake, ndiyo sababu hutumika kwenye vyombo vya baharini. Daraja la 304 lililozoeleka kwenye masinki litakutolea madoa ya rangi ya chai msimu mmoja tu wa kusi ukipita. Na usidanganywe na jaribio la sumaku. Zote mbili kwa kawaida hazishikwi na sumaku, na hata zile za hali ya chini zaidi zipo zisizoshikwa. Jaribio ninaloliamini ni hili: gramu 35 za chumvi, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Chovya kipande asubuhi, kiache kikauke juani, chovya tena jioni, kwa siku saba. Kulowa na kukauka kunatesa chuma kuliko kukaa majini wakati wote. Bolti zilizopakwa zinki hazikufika siku ya nne.

Hesi za bolti zipake grisi kidogo sana kila mwezi, na uifute inayochuruzika. Mpira asilia haupatani na mafuta. Grisi, dizeli, vaselini, hata mafuta ya nazi huufanya uvimbe na kulainika, na hakuna namna ya kuurudisha. Nimeona watu wakiupaka mafuta ya nazi "usikauke". Wanauua.

Reli ya shaba imenifurahisha zaidi ya nilivyotarajia. Inageuka kijani kidogo pembeni, lakini haijalika, na uzito wake unausaidia mkono kubonyeza sawasawa. Mara moja kwa mwezi itazame kama bado imenyooka: ilaze na mpira wake juu ya kioo bapa, bonyeza kidogo, kisha jaribu kupitisha karatasi ya kawaida ya ofisi chini ya mpira. Ikipita katikati na kukwama pembeni, reli imepinda. Inanyooshwa kwa vidole juu ya meza, taratibu, ukijaribu tena na tena. Usitumie nyundo.

Mpini wa mwarobaini haujaoza wala kupasuka, ingawa ulihitaji msasa mara moja. Tundu la nyuma limechongwa jembamba kuelekea ndani, kwa hiyo unaingiza mti wowote wa fagio uliochongoka na kuugonga ukaze. Hili nalipenda kuliko hesi za plastiki za miti ya fagio, ambazo kila kiwanda kina zake.

Kwa luva lazima uwe na reli ya pili ya sentimita 15, maana vioo vingi vya luva vina upana wa takriban hapo, na reli ya 35 haitageuka kati ya kimoja na kingine. Taya zinabana zote mbili. Penye grili ya ndani mkono hauna nafasi, hapo fungua dirisha la kuteleza na upanguse kila kioo kutoka pembeni.

Maji nayo ni sehemu ya kifaa. Maji ya kisima cha chumvi huacha chokaa kwenye kioo. Nunua mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu, unatosha madirisha mengi kuliko unavyofikiri. Kwanza mwagia kioo maji matupu ili chumvi na mchanga viondoke. Ukianza na soksi ya sabuni, yaani kitambaa cha kupakia sabuni, juu ya mchanga, unapiga msasa. Kisha sabuni ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5. Zaidi ya hapo mpira huteleza bila kukamata na povu hubaki kwenye fremu. Upande wa mashariki ufanye alasiri, wa magharibi asubuhi. Kioo chenye moto hukausha maji kabla hujashuka nusu yake. Ukimaliza, suuza kila kitu kwa maji matamu yaliyobaki na utundike kivulini, mpira usiguse ukuta.

Ukiona kasoro kwenye kioo, soma kinachosemwa. Mstari mwembamba unaojirudia mahali palepale ni mkato kwenye mpira: geuza au badilisha. Mkanda mpana wa maji upande mmoja ni mkono unaolemea upande wa pili, au reli iliyopinda. Mpira ukilia na kurukaruka, kioo kimekauka au mpira umeshakuwa mgumu kwa jua. Ukungu mwepesi kote ni sabuni nyingi. Wengi hubonyeza kwa nguvu zaidi kwa kila kasoro, na nguvu haitibu hata moja kati ya hizi.

Bei yake ni kama ya vipangusio vitano vya kawaida vya plastiki. Kwa mwenye madirisha manne ya nyumba ya kupanga, sioni haja. Kwa anayesafisha kwa malipo, au mwenye nyumba ya ghorofa karibu na pwani, gharama ya baada ya hapo ni mpira tu. Katika miezi hii 14 nimebadilisha mipira mitano, washa mbili za nailoni, na bolti ile ya toleo la kwanza.

Kasoro iliyobaki ni vibanio. Ni vidogo kama punje ya choroko, vinashika kwa kubana tu, na ukibadilisha mpira juu ya ngazi kimoja kitaanguka kwenye nyasi. Nilimwomba fundi ajaribu kuiminya reli kidogo, milimita 5 kutoka kila ncha, ili ishike mpira yenyewe. Ilishika, ila mpira ukawa mgumu kutoka unapotaka kuugeuza, na kona zikachanika mara ya pili. Sasa anajaribu kuiminya upande mmoja tu na kuacha kibanio upande wa pili. Ukimwendea kabla hajamaliza, chukua vibanio sita badala ya viwili, na uvifunge kwenye uzi mmoja wa nailoni.