Nailoni ya buluu, masika nzima, na koili zangu tatu

Koili ya mabati, yaani bati refu lililoviringishwa kama mkeka likabaki na tundu katikati, ikishuka kwenye lori hapa kwangu Mbagala huwa imevaa kuliko bibi harusi. Juu kabisa kuna ganda la bati jembamba, chini yake nailoni, chini ya nailoni karatasi nzito ya kaki. Kingo za nje na za tunduni zimevishwa pete za chuma, kisha mikanda ya chuma imekazwa, mingine ikizunguka tumbo, mingine ikipita tunduni. Aliyeifunga alijua itakaa baharini wiki kadhaa. Kwa safari sina la kulalamika. Shughuli huanza siku ninapokata mikanda.

Mimi si kiwanda. Nina mashine moja ya kukunja migongo mipana, fundi mmoja, vibarua wawili na babu mlinzi. Koili ya tani 4, upana wa milimita 914, unene wa 0.3, ina kama mita 1,860 za bati. Wakubwa wanaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi mteja akitaka mabati 40 namkatia 40, halafu koili inarudi kulala uchi. Inaweza kulala wiki sita, wakati mwingine miezi mitatu. Kwa hiyo ninachokipima hapa ni vitu vya kuifunga upya ikishafunguliwa, hasa hii nailoni ya VCI, yaani yenye dawa ya kuzuia kutu, ambayo wauzaji wa Gerezani wameanza kuisifia.

Kwanza nieleze ninachokikimbia. Masika ya mwaka juzi nilifunika mabaki ya koili moja kwa nailoni ya kawaida, nikaibana vizuri kwa kamba, nikajiona mjanja. Mwezi wa sita tulipoifungua, katikati ya mizunguko palikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Hiyo ndiyo kutu nyeupe. Zinki inayofunika bati ikipata hewa hujitengenezea ngozi ya kijivu inayoilinda. Lakini maji yakinaswa kati ya bati na bati, mahali pasipo na hewa, ngozi ile haijengeki na zinki inaanza kuliwa. Koili imebanana, kwa hiyo tone moja likigusa ukingo linanyonywa ndani kama chai kwenye maandazi. Na mabati mengi tunayouza hayana zinki ya kuchezea: lenye gramu 100 kwa mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili, lina zinki ya takriban maikroni 7 tu kila upande. Mteja akiona unga ule hataki maelezo. Nilikata zaidi ya mita 60 nikauzia watu wa mabanda ya kuku kwa bei ya kutupa.

Safari hii nikaamua kujaribu kwa macho yangu. Mwishoni mwa Machi nilikuwa na mabaki matatu, moja kama kilo 900, jingine 700, la tatu likizidi kidogo tani moja. La kwanza nikalizungushia nailoni ya kuvutika, ile nyembamba wanayofungia masanduku uwanja wa ndege. La pili nikalitundikia turubai juu kama chandarua, pembeni wazi, upepo upite. La tatu likapewa nailoni ya buluu yenye VCI, na ndani ya tundu nikaviringisha karatasi yenye dawa hiyohiyo.

VCI si mafuta wala rangi. Dawa imechanganywa kwenye plastiki au kwenye karatasi yenyewe, nayo hufuka taratibu bila kuonekana, ikatua juu ya chuma na kutandaza utando mwembamba unaozuia unyevu na hewa kufanya kazi yao. Kwa hiyo mfuko lazima ufungwe kabisa. Ukiacha mdomo wazi, mvuke unaondoka na umebaki na nailoni ya buluu ya bei ghali. Maelezo ya roli langu yanasema dawa isiwe mbali na chuma zaidi ya sentimita 30, ndiyo maana tundu lilihitaji karatasi yake. Karatasi nayo ina upande. Wenye dawa ndio unaotazama chuma. Fundi wangu aliiweka kinyume mara ya kwanza, tukarudia.

Hapa nimlaumu muuzaji kidogo. Nilimuuliza kama inafaa mabati ya zinki, akanijibu, “Kaka, hii ni ya chuma chochote.” Si kweli. Ziko zilizotengenezwa kwa chuma cheusi peke yake, na ziko za metali mchanganyiko. Nyingine zinaweza hata kuchafua shaba, hivyo mwenye kuhifadhi waya za shaba asikurupuke. Nilikataa kulipa mpaka aliponionyesha karatasi ya maelezo, na roli alilokuwa amenishikisha lilikuwa la chuma tu! Akabadilisha bila neno.

Tulifungua katikati ya Julai. Ile ya nailoni ya kuvutika ndiyo iliyoniuma. Kwa nje ilikuwa safi, inang'aa, ungeipiga picha. Tunduni, ambako nailoni haikufika, na kwenye ukingo wa chini, unga ulikuwa umeshaanza, na ndani ya nailoni kulikuwa na matone yaliyojipanga. Nailoni ile inazuia vumbi na inazuia koili isifumuke. Kwa unyevu, inaufungia ndani pamoja na mzigo.

Turubai lilinishangaza. Nililiweka kama la kulinganishia tu, nikitegemea vibaya, kumbe kwa sababu hewa ilipita, bati lilififia kidogo tu kwenye kingo na likafutika kwa brashi. Kwa mwenye ghala lisilovuja na pesa ndogo, turubai lililotundikwa mbali na koili ni bora kuliko nailoni iliyobanwa. Pwani tatizo lake ni chumvi na vumbi. Mimi niko mbali kidogo na bahari. Ningekuwa Kigamboni ufukweni nisingethubutu.

Ya buluu ilitoka safi. Juu safi, tunduni safi, kingo safi. Isipokuwa chini kabisa, ilipokalia mbao, palikuwa na mstari mweupe wa upana wa viganja viwili. Hilo ni kosa langu, si la nailoni. Nilinunua mbao za Mafinga zikiwa bado mbichi, nikazifungia ndani ya mfuko pamoja na koili, zikakaa zinatoa maji miezi mitatu. Koili zinazotoka nje huja na mbao zenye muhuri wa suke la ngano na herufi HT, maana yake zimepitishwa kwenye joto kuua wadudu. Muhuri huo si ahadi kwamba mbao ni kavu, lakini zile nilizonazo ni kavu kweli, na sasa sizitupi tena. Zamani babu alikuwa anazipikia.

Jambo jingine ambalo halijaandikwa kwenye roli: usifunge koili yenye jasho. Mzigo uliopakiwa Januari kaskazini mwa China umeingia melini ukiwa na baridi ya kweli, na chuma cha tani nne hakipati joto upesi. Hewa ya kwetu ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, chuma chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi kitalowa chenyewe, kama chupa ya soda mezani. Mimi natumia kile kipimajoto cha bastola tulichokuwa tunapimiana mlangoni wakati wa korona, nikikigeuza upande wa kupima vitu. Bati linalong'aa hukidanganya, kwa hiyo nabandika kwanza kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme, nasubiri kidogo, napima juu ya utepe. Kama ni baridi kuliko hewa, vazi lake la safari halivuliwi. Siku mbili, tatu, inasubiri.

Na kabla ya yote, zunguka koili ikiwa bado juu ya lori. Mwaka jana nilipokea moja yenye tundu dogo kama kizibo cha soda kwenye ganda la nje, jino la foklifti lilipita. Ndani maji yalikuwa yameshaingia. Mkaguzi alidondosha nitrati ya fedha kwenye unyevunyevu ule. Ingegeuka maziwa, ingekuwa chumvi ya bahari. Haikugeuka, basi ikawa ni mvua, yaani uwezekano mkubwa ililoweshwa nchi kavu. Kila aliyeishika akamtazama mwenzake, nami nikalipwa robo ya hasara. Siku hizi nina utepe mpana kwenye gari. Tundu likionekana linapigwa picha, kisha linazibwa hapohapo.

Kwa bei, nailoni ya VCI ilinigharimu karibu mara tatu ya nailoni nzito ya kawaida. Kwa mabati ya zinki yanayovuka masika, nitanunua tena. Kwa koili ya rangi inayoisha wiki mbili, siioni faida. Hapo adui mkubwa ni mkwaruzo, na pete za plastiki za kingoni zinafanya kazi zaidi kwa pesa kidogo. Tena pete ninazisifia kuliko zinavyosifiwa: ukingo ukipigwa na mnyororo wa kreni, unakata mfuko wowote, uwe wa buluu au wa dhahabu. Na kwa aliyekwisha kupata kutu nyeupe asitegemee VCI iiondoe. Inazuia tu, na katikati ya mizunguko iliyobana mvuke wake huingia polepole sana, hivyo funga siku ileile uliyokata, usingoje Jumatatu.

Roli langu limebaki nusu. Nimelifunga ncha zote mbili na kuliweka kabatini, kwa sababu lenyewe likiachwa wazi linaishiwa dawa. Nimeweka na kufuli, baada ya kumkuta babu mlinzi amefungia chapati zake tatu kwenye kipande cha buluu. Nilimwambia, “Babu, hiyo ina dawa ya chuma.” Akazitazama chapati, akanitazama mimi, akasema basi azimpe mbwa. Nikamwambia hata mbwa asimpe, nikamtuma kijana akamnunulie nyingine.