Vituo vya Jumia Kenya: kuagiza mtandaoni, kuchukua mzigo mtaani

Nyumba nyingi Kenya hazina namba. Anwani ni maelezo: shuka kituo cha mwisho, pita kanisa, geti la kijani. Anayeleta mzigo hupiga simu wakati mwenye oda yuko kazini, haishikwi, na oda inarudi ghalani. Ndiyo maana kituo cha kuchukulia mizigo ni huduma nzuri kuliko nyingine zote za Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni ambayo imekuwa Kenya tangu 2013. (Tanzania ilifunga Novemba 2019, kwa hiyo haya yanahusu Kenya peke yake.)

Kituo chenyewe mara nyingi ni duka la kawaida lenye kaunta na rafu za mizigo. Kwenye hatua ya mwisho ya kuagiza, unachagua kuchukua kituoni badala ya kuletewa nyumbani, kisha eneo, kisha kituo. Soma anwani yote na saa za kufungua kabla ya kuthibitisha. Eneo moja linaweza kuwa na vituo vitatu vyenye majina yanayokaribiana, na ukikosea, mzigo unakungoja ng'ambo ya barabara kuu. Nauli ya kituoni kwa kawaida ni ndogo kuliko ya mlangoni, lakini hupanda kwa ukubwa wa bidhaa na umbali, basi iangalie hapo hapo.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni jina la muuzaji. Jumia ni soko: bidhaa nyingi ni za wafanyabiashara wengine. Zenye alama ya Jumia Express zimeshawekwa kwenye ghala la Jumia, hivyo hufika upesi. Zilizoandikwa kwamba zinatoka nje ya nchi huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi hulipiwa mapema. Ukiweka chaja, viatu na sufuria kutoka kwa wauzaji watatu kwenye oda moja, tarajia vifurushi vitatu vyenye siku tofauti. Usifunge safari kwa sababu ya ujumbe wa kwanza wa mzigo kufika. Fungua oda kwenye programu ya Jumia uone kila kifurushi kimefika wapi.

Mzigo ukifika unapata ujumbe wenye siku ya mwisho ya kuuchukua. Siku hiyo ikipita, unarudishwa. Nenda na namba ya oda na kitambulisho. Ukimtuma mtu, mpe namba hiyo na umuulize wakala wa kituo mapema kama atamkubali.

Malipo ndiyo yanayoleta ugomvi kaunta. Kulipa unapopokea hakumaanishi kujaribu kwanza: kifurushi hufunguliwa baada ya kulipa. Kwa M-Pesa, hakikisha kiasi na jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN, na usitume kamwe kwenye namba binafsi ya mtu, hata akisema mtandao wa kituo umelala.

Ukishalipa, fungua hapo hapo, mbele ya wakala, simu yako ikirekodi tangu selotepu haijakatwa. Video ya dakika moja ina uzito kuliko maelezo marefu kwa huduma kwa wateja. Simu ya mkononi: piga *#06#, linganisha tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na zilizo kwenye boksi (ya laini mbili ina namba mbili). Kifaa cha umeme: tafuta kibandiko cha nguvu. Kikisema 100-240V, hakuna shaka. Kikisema 110V peke yake, usikichomeke, maana stima ya Kenya ni 240V na kitaungua. Plagi ya pini mbili bapa itahitaji adapta. Viatu: pima mguu kwa sentimita nyumbani, kwa kuwa 42 ya kiwanda kimoja si 42 ya kingine. Televisheni: waombe waiwashe kama kuna soketi, kwa sababu kioo kilichopasuka ndani hakionekani kikiwa kimezimwa. Kumbuka pia kwamba skrini ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, bila boksi. Hiyo si ya bodaboda.

Kuna kasoro? Usimfokee wakala. Yeye hakuuza bidhaa, hapangi bei, na hana nyingine ya kukubadilishia. Anza kwa kuomba kurudisha kupitia programu, chagua sababu, weka picha, kisha upeleke mzigo kituoni ukiwa na boksi, waya, kadi ya dhamana na lebo zote. Kurudisha kitu bila boksi lake ndiko hukataliwa mara nyingi, na hapo muuzaji ana haki. Dai risiti au ujumbe wa kuthibitisha kwamba wakala amepokea kabla hujaondoka, na uuhifadhi mpaka pesa zirudi.

Kwa nguo, vyombo, vitabu na chaja, kituo tunakipendekeza bila kusita. Friji na makochi, lipa nauli ya kuletewa mlangoni.