Lenzi ya milimita 50 kwenye studio ya chumba kimoja: uzoefu wangu

Mwaka mzima nilikuwa nadunduliza hela ya kamera mpya. Picha zangu za sura zilitoka bapa, ukuta wa nyuma ukionekana hadi nyufa, nami nikaamini ugonjwa ni kamera. Fundi mmoja wa Kariakoo akanicheka: "Kaka, achana na kamera, badilisha jicho lake." Nikachukua Canon 50mm f/1.8 STM, kale kadogo kalikotoka 2015, gramu 160 tu, nikaifunga kwenye kamera yangu kuukuu, Canon 700D.

Siku hiyo hiyo nikaelewa. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyokuja na kamera, ya milimita 18-55, ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6. Hii kwa f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ule. Dirisha moja, na shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga, basi. Fleshi iko kabatini, na nyufa hazionekani tena, maana tundu kubwa hutia ukungu kila kilicho nyuma ya uso.

Ila f/1.8 ilinilevya. Alikuja babu kampakata mjukuu. Jicho la babu limekaa kali kama wembe, mtoto yuko ukunguni. Nikawapiga upya bure. Siku hizi mtu mmoja f/2.8, wawili f/5.6, na nukta ya fokasi naiweka mwenyewe kwenye jicho lililo karibu nami.

Sensa ya 700D, yaani kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo lenzi ya 50 inavuta picha karibu kama ya 80. Kwa uso na kifua ni raha, pua haivimbi. Lakini chumba changu ni mita tatu kwa nne: bibi harusi akitaka shela lote lionekane, mgongo wangu unagota ukutani. Tunatoka nje, chini ya mwembe. Tena gauni jeupe huidanganya kamera. Inapunguza mwanga, uso unakuwa mweusi tii. Hapo napima mwanga usoni tu.

Kusema kweli, kabla ya hii niliuziwa lenzi ya mtumba, duka silitaji. Ndani ya kioo mlikuwa na fangasi, nyuzi nyembamba kama za buibui. Unyevu wa pwani ndio chakula chao. Ukinunua mtumba, ivue kwenye kamera, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Yangu inalala kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.