Kozi ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi: ulizia magoti kabla ya kuulizia bei

Wasomaji waliomaliza kozi ya kuzamia wananiletea lalamiko moja kwa maneno tofauti. Mmoja hewa inamwishia wakati wenzake wana nusu mtungi. Mwingine anajikuta anapaa bila kutaka. Wa tatu anaogelea kwa mikono, mapezi yake yanagonga matumbawe, na kiongozi wa msafara anamshikilia mtungi kwa nyuma mwanzo hadi mwisho. Wote wana kadi, wote walifaulu. Nikiwauliza walifundishwaje kutoa maji kwenye miwani, jibu ni lilelile: tulipangwa mstari, tukapiga magoti chini, mwalimu akapita kwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo humu nitashughulika na magoti. Kadi ipi inakubalika wapi sitahangaika nayo, maana kadi za mashirika ya mafunzo ya kuzamia, PADI, SSI, NAUI, RAID, SDI, BSAC na CMAS, zote zinajulikana vituoni, na kuna kiwango cha kimataifa, ISO 24801-2, kinachoeleza mzamiaji wa ngazi hii awe anajua nini. Kama vifaa vimechakaa au mwalimu hasikii lugha yako, utaona mwenyewe.

Kazi kubwa ya mzamiaji ni kukaa katikati ya maji asipande wala asishuke, na kazi hiyo anaifanya zaidi kwa pumzi. Ukivuta hewa, hupandi papo hapo. Inapita sekunde moja au mbili ndipo mwili unaanza kunyanyuka. Ukitoa, unashuka kwa kuchelewa vilevile. Huko kuchelewa ndiko kunakowachanganya wageni: wanavuta, wanaona hawajapanda, wanavuta tena, halafu wanapaa kwa pumzi zote mbili. Aliyepiga magoti hakutani na jambo hili hata kidogo, kwa sababu sakafu ya bwawa imembeba. Anajifunza kutoa maji kwenye miwani akiwa ametulia, kisha siku miwani inapovuja baharini anatafuta pa kuweka magoti, na chini yake ni matumbawe au maji matupu ya mita 30.

Kuna ubaya mwingine ambao wauzaji hawausemi. Ili wanafunzi wanane watulie chini, njia rahisi ni kuwaongezea vipande vya risasi, yaani vya uzito, kwenye mkanda wa kiunoni. Tuseme umebebeshwa kilo nne zisizohitajika. Kuzifidia, unaingiza karibu lita nne za hewa kwenye jaketi la kuelea. Kwenye mita 10 shinikizo ni bar 2, mara mbili ya lile la juu ya maji. Ukipanda hadi mita 5 linakuwa bar 1.5, na zile lita nne zimeshakuwa tano na zaidi. Usipozitoa haraka zinakupandisha, zinatanuka tena, na ukifika juu ni nane. Yule anayepaa bila kutaka si mwoga wala si mzembe, ni mtu aliyevalishwa mkanda wa kumstarehesha mwalimu. Na hewa iliyo kwenye mapafu hutanuka kwa kanuni hiyohiyo, ndiyo maana sharti la kwanza la kozi yoyote ni kutozuia pumzi.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: "Siku ya kuvua miwani na kuivaa tena chini ya maji, nitakuwa nimepiga magoti au ninaelea?" Anayefundisha vizuri atakujibu kwa raha, pengine atakwambia mnaanza chini siku ya kwanza na kufikia siku ya mwisho mnafanya yote mkiwa mnaelea. Hilo nalikubali. Akianza kuzungusha maneno kuhusu ubora na uzoefu, aga uondoke. Njia nyingine haihitaji hata kuuliza: angalia picha wanazojitangazia. Kundi limepanga mstari, magoti mchangani, vidole gumba juu (ishara ambayo chini ya maji maana yake ni "tupande"), basi umeshaona darasa lenyewe.

Sasa nipange kozi zenyewe kwa ubora, na mapenzi yangu siyafichi.

Ya kwanza: RAID Open Water 20. Kati ya mashirika unayoweza kuyapata bila kuhangaika sana, hili ndilo lililoweka kuelea na mlalo wa mwili katikati ya viwango vyake. Mwanafunzi hufanya mazoezi akiwa amelala sambamba na sakafu, mapezi nyuma, mikono mbele. Shirika lilianza na mitambo ya kupumulia inayosafisha na kurudisha hewa, fani isiyomvumilia mtu asiyejua kukaa mahali pamoja majini, na tabia hiyo imebaki kwenye kozi za wanaoanza. Kikomo cha kina ni mita 20. Wanasema masharti yake ni makali mno kwa mtu wa likizo. Mimi naona mtu wa likizo ndiye anayeyahitaji zaidi, kwa kuwa atazamia mara chache na hatapata muda wa kujisahihisha.

Ya pili: GUE Recreational Diver 1. Hii ingekuwa juu ya zote kama wakufunzi wake wangekuwa wengi na bei yake ya kibinadamu. Mkufunzi mmoja huchukua wanafunzi wasiozidi wanne, kikomo ni mita 21, na nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, imo ndani ya kozi. Ukimpata mwalimu na mfuko ukiruhusu, usisite.

Ya tatu: NAUI Open Water. Hawa ni wa tangu 1960, na wana jambo moja ninalolipenda sana: mkufunzi anaruhusiwa kuongeza masharti juu ya kiwango cha shirika, na anaweza kukunyima cheti asiporidhika. Kipimo anachofundishwa kujiuliza ni kama angekubali mtu anayempenda azamie na wewe. Ila uhuru huo unampa nafasi mwalimu mzuri na mwalimu mvivu kwa kipimo kimoja, kwa hiyo swali la magoti lipo palepale.

Ya nne: PADI na SSI, pamoja. Najua nitapigiwa kelele. PADI ipo tangu 1966, SSI tangu 1970, na ukitua ufuo wowote wa watalii utakuta bendera ya mojawapo. Kozi ya PADI ina vipindi vitano vya bwawani na mizamio minne ya maji ya wazi, na kuelea kumo katika masharti yake. Mwalimu makini anaweza kuifundisha yote bila goti kugusa mchanga. Tabu ni kwamba viwango havimlazimishi, na uwiano unaruhusu wanafunzi wanane kwa mkufunzi mmoja kwenye maji ya wazi, na hadi kumi na wawili akiwa na wasaidizi wenye vyeti. Wanane wakielea ni kazi ya kutoa jasho, wanane wakipiga magoti ni kazi ya asubuhi moja. Ukiwa na chaguo hili tu, lipia kundi dogo, wanne au pungufu, na usikubali neno "kwa kawaida huwa wachache". Iandikwe kwenye risiti.

SDI naiweka pembeni ya nafasi hiyohiyo. Kinachoipa heshima kwangu ni kumfundisha mwanafunzi kutumia kompyuta ya kuzamia, kile kifaa kinachofuatilia kina na muda wako majini, tangu mwanzo.

Ya tano: klabu, yaani BSAC au mashirikisho ya CMAS. BSAC ni ya 1953, CMAS ya 1959 na rais wake wa kwanza alikuwa Jacques Cousteau mwenyewe, yule Mfaransa mashuhuri wa filamu za bahari. Walimu wengi wa klabu wanajitolea, hawana haraka ya kukuondoa ili waingize kundi lingine, na ukimaliza unabaki na watu wa kuzamia nao. Ila inaweza kuchukua miezi. Kwa mwenye subira, ipandishe hadi ya pili.

Za bei ya chini kabisa ni mzamio wa kuonja, ambao haukupi cheti chochote, na ile nusu kozi, PADI Scuba Diver, inayokufikisha mita 12 tena chini ya macho ya mtaalamu. Nenda kaonje, ufurahi, lakini usihesabu kuwa umejifunza.

Sasa niseme na wauzaji, maana wamenichosha. Bei inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi haina masomo ya mtandaoni, haina ada ya kadi, haina boti, na wakati mwingine haina kukodi vifaa. Unagundua siku ya pili, ukiwa umeshalowa. Halafu kabla hujakauka unaanza kuuziwa kozi ya ngazi ya juu, "kwa sababu una kipaji". Mtu ambaye jana hakuweza kukaa mahali pamoja kwa nusu dakika anaambiwa yuko tayari kwa mita 30! Na kama kweli hukuweza kuelea, kozi ya kuelea ipo pia, inauzwa peke yake. Yaani unalipa tena kwa kile ambacho kozi ya kwanza ilipaswa kukupa.

Linaloniudhi zaidi ni fomu ya afya. Ni dodoso la maswali kuhusu pumu, moyo, masikio, kifafa, upasuaji, dawa unazotumia. Ukijibu ndiyo kwenye maswali fulani, huingii majini hadi daktari asaini. Jambo jema kabisa. Lakini vituo vingine hukupa fomu hiyo asubuhi ya kuanza, pesa ikiwa imeshaingia na hairudi. Mwenye pumu anabaki na mawili, kupoteza fedha au kudanganya, na muuzaji anajua wengi watachagua lipi. Idai fomu kabla hujatoa hata malipo ya awali.

Dai na ratiba pia. Mizamio minne ya wazi haiwezi kufanywa siku moja, na baada ya siku kadhaa za kuzamia mapendekezo ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Anayekupangia mzamio wa mwisho mchana na ana nakala ya tiketi yako ya usiku, usimwachie pesa yako.