Wakala wa tiketi, Mwanza mjini: safari ya Dubai–Guangzhou

Kwa wafanyabiashara wa Makoroboi wanaofuata mzigo China kupitia Dubai, ofisi hii inafaa, ila karatasi ya ratiba wanayotoa isome mara mbili. Dubai hadi Guangzhou ni kama kilomita 5,800, na ndege iko angani kwa muda wa saa 7 hadi 7 na nusu. Karatasi yao inasema saa 11! Wametoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, wakasahau kuwa Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Kurudi huchukua muda zaidi, maana upepo wa juu hutoka magharibi na ndege hukabiliana nao.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni hili: tiketi iliyoandikwa 03:00 tarehe 14 ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 14, siyo saa tatu. Uwanjani fika tarehe 13 usiku.

Wanachofanya vizuri sana ni kueleza mizigo. Tiketi ya Mwanza–Dar ikikatwa peke yake, begi unalichukua Dar na kulikabidhi upya, kwa hiyo wanaacha nafasi ya saa 4 katikati. Mteja haulizi, wanamwambia wenyewe.